Simu Iliyomsoma Rael Vibaya

Kwa miaka tisa Rael alitembea kila asubuhi kutoka Riruta hadi Lavington. Huko alipika, akafua, akalea watoto wawili wa mwajiri wake. Familia hiyo ilipohamia nje ya nchi, mama mwenye nyumba alimwandikia barua nzuri ya kumsifu. Rael aliipeleka katika ofisi moja ya katikati ya mji inayotafutia watu kazi za nyumbani.

Hakuna aliyeifungua. Dada wa mapokezi alimpa simu, akamwambia ajibu maswali huku kamera ikimtazama na programu ikimpa alama. Rael alijibu vizuri, lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Ndivyo alivyolelewa: anayekupa kazi humkodolei macho. Jioni ujumbe ukaingia: "Hukufaulu. Uaminifu: mdogo."

Neno hilo lilimchoma kuliko kukosa kazi. Nani angemfungulia nyumba yake mtu asiyeaminika? Rael alifanya mazoezi mbele ya kioo, akakaza macho, akarudi kujaribu tena. Safari hii jibu lilisema: "Hukufaulu. Hasira: nyingi."

Alimwendea Kavutha, jirani yake mwenye saiba, duka la kompyuta ambako watu wa mtaa hujaziwa fomu za serikali. Kavutha alimwomba amwonyeshe jinsi alivyoitazama kamera. Rael akatoa macho.

"Rael, kwa macho hayo hata mimi ningekunyima kazi," Kavutha alisema, wakacheka wote wawili.

Kisha akamuuliza ni nani pale ofisini aliyezungumza naye. Rael akasema hakuna, ni simu tu.

"Basi hapo ndipo walipokosea. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Jambo kubwa kama kazi yako, una haki lisiamuliwe na mashine peke yake. Unaweza kuwaandikia, mtu aliangalie upya."

"Mimi nishindane na kompyuta?"

"Hushindani na kompyuta. Unaongea na wenye kompyuta. Wakikataa, tunapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data."

Waliandika barua fupi. Rael aliomba mambo mawili: asikilizwe na mtu, na lile neno la uaminifu mdogo lifutwe. Alibaki na nakala moja.

Wiki moja baadaye aliitwa. Meneja wa ofisi, Bwana Ndungu, aliisoma barua ya sifa, akampigia simu mwajiri wa zamani, kisha akamuuliza Rael kuhusu wale watoto. Rael alieleza yote, macho chini.

"Mama yangu huongea na wageni hivyo hivyo," Ndungu alisema. "Hiyo simu ingemkataa pia."

Alimwambia kuna familia ya Lavington inayomhitaji. Rael akashukuru, lakini hakuinuka.

"Na lile neno?"

Ndungu aliigeuza kompyuta ili Rael aone, akalifuta. Akaahidi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayekataliwa pale kabla ya kusikilizwa na mtu.

Jumatatu Rael alishika njia yake ya zamani. Mwajiri mpya alimngoja mlangoni, akamnyooshea ufunguo wa nyumba. Rael akainamisha macho, akaupokea kwa mikono miwili.