Gurudumu la Kushoto

Ndugu yangu, nilitenda dhambi, Mungu anisamehe. Rafiki yangu, tunayemwita Mkono wa Birika, aliniletea gari lake gereji kwangu nilinyanyue kwa springi ndefu za magari ya porini. Nikamwambia magurudumu yamenyooka, kumbe sikuyapima hata kwa uzi. Gari likawa linavuta kushoto, naye kesho anampeleka mama yake hospitali ng'ambo ya mlima.

Leo mchana akaingia mwenyewe na tochi kwenye shimo la gereji, arekebishe. Kila akikaza nati, gurudumu la kushoto linarudi ndani, na gizani kunasikika mlio kama wa mtu anayefyonza mfupa.

"We muongo, acha kuchezea usukani!" akanifokea toka shimoni.

"Niko mlangoni, kaka. Sijagusa kitu."

Akapangusa grisi kwenye kiungo cha usukani. Ilikuwa ya uvuguvugu, inateleza kama makamasi, inanuka kama kinywa kisichopigwa mswaki. Ndani yake vidole vikakuta jino, lina nyama bado. Alitapika humo humo shimoni.

Jino tumelifunga kwenye kitambaa, na mpaka sasa halijapoa. Nakuomba, ndugu yangu, kesho mpeleke mama yake kwa gari lako.