Nilikubali Kuitwa Mlevi Ili Kifafa Changu Kisijulikane

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mbeya, nimeolewa Igowole. Haya hata mama yangu mzazi hayajui yote... aibu ilinifunga mdomo.

Nina kifafa. Kilinianza nikiwa sekondari na kwetu tulikificha. Hata mume wangu, Fredi, nilimficha! Nilipojifungua binti yetu Neema, kikarudi kwa kasi. Nikasingizia kwenda kusalimia nyumbani, nikatibiwa Mbeya. Daktari alinipa vidonge vipya, akanionya kwamba vinaweza kunipa usingizi na kuniyumbisha. Ikizidi nirudi, nisiache ghafla.

Viliniyumbisha kweli! Ulimi ukawa mzito, nikawa nasinzia na mtoto mgongoni. Na mama mkwe, tunayeishi naye, anauza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndoo zimejaa uani... Ninyi mngefikiri nini? Majirani wakasema mke wa mwanawe anakunywa kuliko wateja.

Fredi alinitetea. Alininusa kinywa, hakukuta harufu ya pombe. Akaniuliza kwa upole kama naumwa. Hapo ndipo ningesema! Nikajibu kwamba ni kweli, huwa naonja kidogo. Aliinamisha uso, akatoka nje.

Mama mkwe akamchukua Neema, akawa analala naye. "Mtoto halelewi na mlevi," alisema mbele ya wateja wake.

Niliumia sana! Ili nimpate mwanangu, nikatupa vidonge vyote chooni. Mikono ilitetemeka na usingizi ukanikimbia, lakini nilitembea wima. Mama mkwe akafurahi, akanirudishia mtoto. Nilijiona mjanja...

Asubuhi iliyofuata kifafa kikanikuta jikoni, Neema kando yangu, uji ukichemka. Nilizinduliwa na kilio chake. Uji ulikuwa umemmwagikia mguuni.

Hospitalini ikabidi niseme yote. Mama mkwe alilia kuliko mimi. "Mwanangu, ungesema tu! Mimi niliogopa pombe. Ugonjwa ningekuuguza."

Daktari alinirudishia dawa, akapunguza dozi kidogo kidogo, na kuyumba kukaisha. Kumbe ni hilo tu! Safari moja ya Mbeya ingetosha...

Fredi hajanifukuza, ila hanitazami kama zamani. Neema ameanza kutembea, anachechemea.

Wasomaji wenzangu, dawa ikikuelemea mrudie aliyekuandikia, usiikate mwenyewe. Na nyumbani semeni, nawasihi! Siku hizi mama mkwe ndiye hunikumbusha kidonge changu, Neema akiwa mapajani mwake, nami nakipokea nikiangalia chini.