Majina Ndani ya Koti

Cherehani ilikuwa ya moto. Crispin alitoka kula saa sita mchana, akaiwekea kiganja, akakuta chuma kina joto la kazi ambayo hakuna mtu aliyeifanya. Chini ya sindano lilikuwa koti la marehemu baba yake, na kwenye bitana herufi mpya ya uzi mwekundu: A.

Alikuwa akishonea barazani pa duka la vitambaa la Fatehali, mtaa wa Nyamugari, Gitega. Mwezi uliopita alimzika baba yake, Leonardi, kule Giteranyi, Muyinga, bila kudondosha chozi. Watu walimsifu kuwa amejikaza kiume. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa ganzi tangu utotoni, hata yeye hakujua kwa nini. Urithi wake ulikuwa koti hilo, na ndani ya bitana majina kumi na tisa yaliyodariziwa kwa mkono. La mwisho lilikuwa la Crispin mwenyewe.

Siku ya pili ikaja N, ya tatu I. Anisia, binti yake wa miaka tisa, akaacha kusema, kisha mikono ikawa baridi. Hospitali hawakuona ugonjwa. Crispin alizifumua herufi, zikarudi. Siku ya tano alikaa mwenyewe mbele ya cherehani, na adhana ya adhuhuri ilipoanza pedali ikashuka polepole bila mguu, ikapanda, ikashuka, na harufu ya udongo wa kaburi ikampanda puani huku sindano ikitembea mbele ya macho yake mpaka ikamaliza I ya pili, na yeye akabaki ameketi, akihesabu kwamba imebaki herufi moja tu.

Kadidja, mama wa kutoa majini, alikuja na ubani wake, akalinusa koti, akakunja mkeka.

"Hii mi siiwezi," alinong'ona. "Iko na chama yao. We rudisha koti kule ilitoka. Mbele ya saa sita ya kesho."

Jioni hiyo Crispin akapanda basi. Alfajiri akakodi baiskeli mpaka Giteranyi, kwa Josefina, kikongwe aliyewapikia Leonardi na wenzake katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Josefina alimsimulia bila kuinua sauti. Walikuwa chama cha wafanyakazi, cha siri. Aliyekamatwa na karatasi ya majina aliuawa, kwa hiyo katibu, Leonardi mwenyewe, alishona majina ndani ya koti lake, na kila aliyekufa alishonewa mrithi ili idadi isipungue. Chama kilivunjika zamani, lakini siku ya mwisho walitawanywa kabla katibu hajafunga mkutano.

"Bado wamekaa, mwanangu. Baba yako alikushona ungali mchanga. Sasa naye amekufa, wanataka mwingine wa ukoo. Soma majina, uyafumue, ufunge mkutano."

"Na langu?"

"Wafu watapumzika. La mtu hai, sijui. Hatukuwahi kulifumua."

Juu ya kaburi la Leonardi, Josefina akiwa kando, Crispin alisoma jina la kwanza, na chini ya udongo sauti kavu ikaitika, "Niko." Alifumua. La pili, niko. La kumi, niko, na jua lilikuwa linapanda na uzi wa A ya mwisho ulikwisha kuanza kujichoma wenyewe kwenye bitana, na alipofika kwenye jina lake, kabla hajalitamka, kinywa chake mwenyewe kikaitika, "Niko."

Alimfikiria Anisia. Akavuta uzi.

"Mkutano umefungwa," alisema.

Koti likawa tupu, hata herufi za Anisia zilitoweka. Josefina alikuwa anaangaza macho huku na huku kama anayemtafuta mtu, ila Crispin alikuwa na haraka ya kurudi. Kwenye basi utingo hakumdai nauli. Crispin alingoja furaha ije, haikuja.

Alifika nyumbani jua likiwa halijazama. Anisia alikuwa mkekani anakunywa uji, mashavu yamerudi. Crispin alisimama mlangoni, akapiga hodi.

"Mama," mtoto alisema, "baba anarudi lini?"

Lucia, mkewe, akaja mlangoni. Akatazama barabara juu na chini, kupita pale aliposimama Crispin, akaufunga mlango.