Peni ya Maji Kupwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye meza yake ya biashara huko Malvern, Mselem alimwaga sarafu zake juu ya taulo jeupe, na binti yake Mayasa akavuta kiti karibu. Karimu, mdogo wake Mayasa, mwenye miaka minne, alikaa chini ya meza akingoja itakayodondoka. Waliishi Berea, ghorofa ya sita, katika chumba kimoja. Jiko na bafu walitumia pamoja na Mama Murielle, msusi kutoka Bukavu. Mama yao, Mwanaharusi, alifanya kazi za ndani na kulala huko huko kwa mwajiri wake. Alirudi mara moja kwa mwezi, na kila aliporudi Karimu alimwonea haya kwanza, kama mgeni.

Sarafu hizo zilitoka kwa vibarua waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu Jeppestown. Walizikuta chini ya mbao za sakafu, nyeusi tii, wakazileta kwa Mselem kwa sababu yeye alinunua kila kilicho cha zamani. Nyingi zilikuwa peni za Kiingereza, za enzi zile fedha ya Uingereza ilipotumika huku kusini mwa Afrika.

"Usitazame sura ya mfalme," Mselem alipenda kusema. "Sura kila mtu anaitazama. Wewe tazama vitu vidogo."

Basi Mayasa, mwenye miaka kumi na miwili, alijifunza vitu vidogo. Alijua peni zenye herufi H kando ya mwaka, na zile zenye KN, ambazo ni adimu zaidi. Na alijua kwamba katika peni za mwaka 1902, nyuma ya mwanamke aliyechorwa amekaa na mkuki wa ncha tatu, kuna bahari. Katika peni nyingi za mwaka huo, mstari wa maji unafika pale miguu yake inapopishana. Katika chache, maji yako chini zaidi. Wakusanyaji wa sarafu huziita kwa jina la maji kupwa.

Jumamosi hiyo Mayasa aliinua peni moja kwenye mwanga, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Kisha akasema polepole, "Baba. Maji yamekupwa."

Mselem alichukua kioo. Alitazama, akafuta jicho, akatazama tena. "Wallahi yamekupwa! Kwetu Tanga hata mtoto mdogo anajua maji yakikupwa. Wewe uliyezaliwa huku, bahari hujaiona, umejuaje?"

"Si umenifundisha wewe?"

Mselem alicheka mpaka Karimu naye akacheka bila kujua kisa. "Haitatutajirisha," alisema, "lakini kuna mzee mkusanyaji anayekuja mezani kwangu Jumatatu, amekuwa akiiulizia. Akiichukua, nanunua jiko la gesi. Mama yenu atachoma vitumbua pale Jules Street, asilale tena kwa watu."

Mama Murielle alipita na beseni lake la nguo, akachungulia. "Papa Mayasa, weye! Hii vitu unaokotaka wapi? Iko kama vifungo vya koti ya mufu. Mutu gani atanunua uchafu?"

"Cheka tu, Mama Murielle. Kitumbua cha kwanza nitakuletea wewe." Mselem aliiweka peni ndani ya kiberiti kitupu, akamgeukia Mayasa. "Isiguswe. Isioshwe, isifutwe hata kwa kitambaa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Hakusema kwa nini, maana alikuwa amechelewa.

Alipoondoka, maneno ya Mama Murielle yalibaki yakimzunguka Mayasa kichwani. Uchafu. Kweli, ilikuwa chafu. Je, mzee yule akiiona nyeusi hivyo akageuza uso? Angemwona baba mtu wa takataka, na mama angeendelea kulala kwa watu. Mayasa alijua kusugua sufuria zikameremeta. Peni ingemshinda nini?

Aliingia bafuni na kikombe cha plastiki. Bafu hilo halikuwa na dirisha. Alitia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akatumbukiza peni. Ilitoka na mabaka, mbaya kuliko mwanzo. Chini ya sinki kulikuwa na dawa kali ya kuzibulia choo. Akairudisha peni kikombeni, akaimimina dawa hiyo humo humo.

Kikombe kilitoa povu, na juu ya povu hewa ya rangi ya kijani iliyopauka. Macho yalimchoma kama yametiwa pilipili. Alirudi nyuma, mkono mdomoni, akamkanyaga Karimu, aliyemfuata kimya kimya na kuinama kuchungulia ile hewa ya ajabu.

Alimburuta nje. Karimu alikohoa, akatapika, akakohoa tena. Mayasa alifungua dirisha la chumba, akarudi bafuni amebana pumzi, akamwaga dawa chooni peni ikabaki kikombeni, akaficha chupa, akaitia peni ndani ya soksi yake. Yote hayo aliyafanya kabla hajamtazama mdogo wake sawasawa. Alipomtazama, midomo ya Karimu ilikuwa imebadilika rangi.

Mama Murielle alikuja mbio. "Mutoto iko na nini?"

"Amepaliwa. Amepaliwa na andazi."

"Na hii harufu inachoma macho?"

"Nilikuwa nasafisha choo."

Mama Murielle alimpiga Karimu mgongoni mara kadhaa. Halikutoka andazi. Alimtia mgongoni, akamfunga kwa kitenge, wakashuka ghorofa zote sita kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Njiani ndani ya gari la kukodi alimpigia Mselem simu. Mselem akawakuta mlangoni pa hospitali, jasho linamtiririka. Mlinzi aliruhusu mzazi aingie na mtu mmoja wa kutafsiri. Mama Murielle akabaki nje, mikono kichwani.

Kiingereza cha Mselem kilikuwa cha sokoni: bei, asante, na "sharp", yaani sawa. Kizulu alikijua kwa salamu. Siku zote Mayasa ndiye aliyekuwa ulimi wake, shuleni, kwa mwenye nyumba, na kwenye foleni ya vibali.

"Udleni?" aliuliza sista, muuguzi wa zamu, yaani amekula nini. Mayasa alimjibu kwa Kizulu kwamba ni andazi, limekwama.

Sista aliinama, akanusa fulana ya Karimu, akakunja uso. Alisema kwa haraka, "Muulize baba. Nyumbani kuna dawa yoyote ya usafi mtoto ameishika au ameivuta?"

Mselem alimgeukia bintiye. "Anasemaje?"

Mayasa alitazama sakafu. "Anauliza kama andazi lilikuwa kubwa."

"Mwambie sikuwepo. Mwambie wewe ulikuwepo."

Mayasa akamgeukia sista. "Baba anasema hapana. Ni siku ya kufua tu."

Basi uongo ule ukaenda huku na kule, na wakubwa wawili wakaupokea kama kweli, kwa sababu hawakuwa na mlango mwingine wa kupitia. Daktari alikuja, akaamuru Karimu apelekwe wakatazame kooni na wapige picha, watafute kilichokwama. Kitanda kikaanza kusukumwa. Karimu alikuwa ameketi ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, anavuta hewa kwa sauti ya msumeno. Hakulia. Alikuwa hana hata pumzi ya kulilia. Alimtazama dada yake tu.

"Simameni!" Mayasa alipiga kelele. Alisema kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza: hakuna andazi, alichanganya dawa mbili bafuni, mtoto amevuta hewa yake.

Sista hakumgombeza. Hakuwa na nafasi hiyo. "Dawa gani? Taja zote mbili!" Mayasa alizitaja. Kitanda kiligeuzwa hapo hapo, Karimu akavalishwa barakoa ya oksijeni, na pazia likavutwa.

Mselem alibaki amesimama. "Mayasa, umewaambia nini?"

Kumwambia baba kulikuwa kugumu zaidi. Alitoa soksi, akatoa peni. Ilikuwa imekuwa ya waridi, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Alisema yote, kwa Kiswahili, bila kuruka.

Mselem aliipokea peni. "Weusi ule ulikuwa umri wake," alisema kwa sauti ndogo. "Ukiuvua, mkusanyaji haichukui tena, hata maji yawe yamekupwa vipi. Nilipaswa kukuambia sababu." Aliitia mfukoni, akakaa chini, akafunika uso. Alikaa hivyo mpaka alfajiri.

Asubuhi daktari alikuja. Karimu alikuwa amelala, kifua kimetulia kidogo. Daktari alimtazama Mayasa, kisha Mselem, kana kwamba anatafuta mtu mwingine wa kutafsiri.

Mselem alitikisa kichwa. "Sema wewe, mwanangu. Kila neno."

Daktari alianza, na Mayasa akafuata, sentensi baada ya sentensi.

"Anasema Karimu atapona. Anasema mapafu yameungua, na huenda akakohoa kila msimu wa baridi kwa muda mrefu." Angeweza kuishia hapo. Daktari alikuwa bado anazungumza. "Anasema dawa za usafi zisichanganywe kamwe, hewa yake ni sumu, inaua. Anasema... anasema msichana huyu alikaribia kumuua mdogo wake mara mbili. Mara ya kwanza bafuni. Mara ya pili hapa, aliposema andazi. Bafuni hakujua. Hapa alijua."

Machozi yalimdondoka, lakini hakupunguza kitu. Daktari alimaliza, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mselem alimfuta Mayasa machozi. Kisha akamvuta bintiye karibu.

"Jiko la gesi litangoja," alisema. "Mama yako ataendelea kulala kwa watu, na nitamwambia sababu, nawe utakuwepo ukisikia. Kosa la peni nimekusamehe. Lakini jana, Mayasa, mimi nilikuwa kiziwi na bubu mbele ya yule sista, na masikio yangu ulikuwa wewe. Mtoto akivunja kitu, aseme. Akiogopa, aseme huku anaogopa. Ukichelewa, kuna mwingine anayeishiwa pumzi."

Karimu alifumbua macho. Alitafuta kwa macho mpaka akampata dada yake, akanyoosha mkono nje ya shuka. Mayasa aliushika, akakikalia kiti kilichokuwa kando ya kitanda, na hakuuachia mpaka mdogo wake akalala tena.