Mkono Mdogo wa Kyoto

Mwaka wa 1966 Cephas, afisa wa uvuvi wa Homa Bay, alikuwa Japani akijifunza kutengeneza nyavu. Jumamosi moja yeye na Matiko, mwenzake kutoka Migori, walipanda treni kwenda kuutazama mji wa kale wa Kyoto. Nyuma ya hekalu lililonukia udi walikuta safu za sanamu ndogo za mawe, zimefungwa vitambaa vyekundu shingoni. Cephas alipoinama kuzitazama, mkono mdogo wa baridi ulimshika kidole cha mwisho.

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Zimewekwa kwa ajili ya watoto waliokufa," Matiko alinong'ona. "Mwongoza wageni wa hekalu ameniambia. Twende, ndugu yangu."

Jumapili nzima walizunguka bustani na majumba ya wafalme, lakini Cephas hakuona uzuri wowote. Aliketi, akainuka, akaketi tena, na kile kidole hakikupata joto.

Mwezi uliofuata alirudi kwake. Adhuhuri moja mkewe Teresa alikuwa akikaanga samaki aina ya ngege, mara jiko zima likanuka udi.

"Baba Awino, ulikuja na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kuna miguu inakimbia sebuleni, na mtoto amelala."

Tangu siku hiyo Awino, binti yao wa miaka minne, alikataa chakula. Alitembea mkono mmoja ameunyoosha kando kama aliyeshikwa, akicheka na asiyeonekana, hata alasiri moja akina mama waliokuwa wakifua ufukweni wakamwona anaingia ziwani, maji kiunoni, maji kifuani, na walipomkamata na kumvuta, mkono ule ulizidi kuvutwa upande wa pili.

Priscilla, mwombaji wa kanisa la Roho, aliletwa. Aliomba kwa Dholuo, lugha yao, mpaka sauti ikakauka. Mkono wa Awino haukushuka.

"Jini hili halinielewi," alisema akihema. "Na si baya. Ni mtoto, anatafuta wa kwenda naye. Wewe uliyemleta, mwambie."

Cephas alipiga magoti. "Kaere," alisema, kwa Kijapani: rudi kwenu. "Kaere, mwanangu."

Mlango ulifunguka wenyewe. Harufu ya udi iliwapita, ikateremka njia ya ziwani. Mkono wa Awino ukaanguka, akaomba ugali.

Kulipokucha Teresa alimkuta mumewe amesimama majini.

"Baba Awino! Si ameshaenda? Unatafuta nini tena?"

"Alinitii, Mama Awino," Cephas alisema bila kugeuka. "Lakini namsikia analia humu majini. Hajui kuogelea."