Mteja Aliyeitwa Asiyekuwepo

Kwenye kona ya skrini paliandikwa: Waliomo sasa, 2.

Fundi wa tovuti akaguna. Duka la sare za shule alilokuwa akilitengeneza halikuwa limefunguliwa kwa watu. Lilikuwa ndani ya kompyuta yake tu, mezani kwake, chumbani kwake, mchana kweupe. Aliyekuwemo ni yeye. Huyu wa pili katokea wapi?

Akaufunga ukurasa na kuufungua upya. Wawili. Akajaribu kwa kivinjari kingine. Wawili vilevile. Basi akaingia kumtazama mgeni mwenyewe. Mteja: Asiyekuwepo. Mtoto: Kidoti. Uhusiano na mtoto: mama.

Hapo akacheka, maana alikuwa ameyaandika mwenyewe. Fomu ikijaribiwa lazima ijazwe kitu, na mafundi hawa ni wavivu wa kubuni. Huandika paka wao, mashemeji zao, chochote kilicho karibu na ulimi. Yeye alitia vipimo vya bintiye, yule mwenye doa jeusi shavuni, na penye jina la mzazi akaandika Asiyekuwepo, kwa utani tu. Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa kazini?

Akamfuta. Namba ikawa moja. Mara ikarudi mbili, na chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa, ingawa nje jua lilikuwa kali. Na penye njia ya kupokea mzigo, ambapo yeye hakuwa amejaza kitu, sasa paliandikwa: Nakuja kuchukua mwenyewe.

Akampigia simu aliyemfundisha kazi, mzee ambaye mafundi wenzake walimtania kwa jina la Babu Seva.

"Babu, kuna mtu kwenye mashine yangu."

"Mbona unanong'ona?"

"Naogopa."

Mzee alidhani ni uchovu. "Sikiliza, mwanangu. Ondoa kimoja kimoja. Kasoro ikibaki, ulichoondoa hakina kosa. Ikiondoka, umeshaikamata. Usikate simu."

Akachomoa waya wa intaneti. Wawili. Akaichomoa kibodi, akahamishia kazi yote kwenye kompyuta yake kuukuu, akaenda nayo jikoni. Wawili. Na alipokuwa amesimama pale jikoni, simu sikioni, jasho likimtoka, akasikia kutoka chumbani alikotoka, ambako hakukuwa na mtu na kibodi ilikuwa imelala mezani bila waya, vidole vikigonga herufi polepole, kimoja, kimoja, kama mtu anayejifunza kuandika, na kila kidole kilipogonga ile harufu ya udongo ikazidi, ikamjia mpaka jikoni.

"Mama," Kidoti akaita kutoka sebuleni, alikokuwa akichora, "mbona unaniita mara mbili mbili? Unaniita huko jikoni, halafu unaniita na kule chumbani."

Hakuwa amemwita hata mara moja.

Kwenye simu mzee alikuwa amesikia. "Nani mwingine yuko nyumbani?" Sauti yake nayo ilikuwa imeshuka.

"Kidoti peke yake."

"Mtoe. Sasa hivi!"

Akambeba bintiye bila viatu mpaka kwa dada yake, nyumba ya pili, akamwachia mlangoni. "Nishikie mtoto, dada, usiniulize kitu." Akarudi mbio. Vidole vilikuwa kimya. Akavuta pumzi; harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Akaitazama kona ya skrini.

Mmoja.

Akaketi sakafuni akalia kwa furaha. "Babu! Imeondoka! Nyumba nzima imetulia!"

Babu Seva hakufurahi.

"Mwanangu," akasema, "kitu cha mwisho ulichoondoa ni nini?"

Alielewa kabla mzee hajamaliza. Akatoka mbio, simu akaiangusha mlangoni, akiita jina la mwanawe mpaka majirani wakachungulia madirishani. Dada yake alikuwa kizingitini, anafagia udongo mbichi uliotapakaa sakafuni, uso umemvimba kwa hasira.

"Yuko wapi?" Fundi akamshika mabega. "Dada, mtoto yuko wapi?"

"Wewe una nini leo?" dada akasema. "Si umekuja kumchukua mwenyewe sasa hivi? Umeniingilia ndani na miguu ya matope, hata salamu hukunipa."