Vigingi vya Mpaka Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Cheruto aliwafukuza ndege. Alizunguka shamba la mizabibu akigonga sufuria kuukuu kwa mwiko na kupiga kelele, "Nendeni kwa shangazi yenu! Hapa si hotelini!" Ndege waliruka hadi kwenye mti wa mgunga, wakamtazama kidogo, kisha wakarudi nyuma ya mgongo wake. Mama yake, aliyekuwa akifunga matawi kwenye nyaya, alicheka hadi kamba ikamdondoka.

"Wamekuzoea hao," alisema. "Wanadhani wewe ni redio yao."

Shamba lao lilikuwa Jivuni, kijiji kilicho kwenye mteremko unaolitazama Ziwa Naivasha, juu kidogo ya Kamere. Kwenye nguzo ya safu ya kwanza ilining'inia kofia ya baba. Baba yake, Kipkemei, ndiye aliyepanda mizabibu hiyo, watu wakimcheka kwamba analima jivu. Alifariki mwaka juzi, wakati zabibu zilipokuwa zimeanza kupata utamu. Hakuna aliyeiondoa kofia ile. Cheruto aliigusa kila alipopita, ndipo akaenda shule.

Siku hizo habari kijijini ilikuwa moja tu. Jivuni ilikuwa karibu kutambuliwa rasmi kuwa eneo la zabibu lenye sifa zake. Ikitambuliwa, lebo za zabibu zake, na za juisi na divai iliyotengenezwa kwa zabibu hizo, zingeandikwa "Zabibu za Jivuni". Zabibu za nje ya eneo hazingeruhusiwa kutumia jina hilo, hata zingekuwa tamu kama asali.

Mkutano uliitishwa uwanjani. Mzee Ephantus, mwenyekiti wa wakulima, alishika kipaza sauti ambacho betri zake zilikuwa zinakata roho. Cheruto alisimama nyuma kabisa na rafiki yake Najwa, wakila mandazi.

"Afisa wa kilimo... krrr... atatuambia nani yumo ndani, nani yuko nje," Mzee Ephantus alitangaza. "Na vile vigingi vyekundu... krrr... ni... krrr... mpaka... krrr... mtu asiviguse!"

Cheruto aliacha kutafuna. Vigingi vyekundu alikuwa ameviona asubuhi, vimepigwa kando ya njia iliyopita juu ya shamba lao. Shamba la Mzee Nasir, baba yake Najwa, lilikuwa juu ya njia pamoja na mengine mengi. Lao lilikuwa chini.

"Umesikia?" alimwuliza Najwa. "Vigingi ndio mpaka. Sisi tuko nje!"

"Kwani mmehama lini?"

"Sifanyi mzaha. Zabibu za baba hazitapata jina."

"Basi si umwulize mzee?"

"Mbele ya watu wote hawa? Waseme sijui kusikia?"

Jioni, alipotumwa kumleta mbuzi, Cheruto alipita njiani, akatazama huku na huku, kisha akaanza kung'oa vigingi. Aliving'oa vyote vilivyopita juu ya shamba lao, akavipiga upya chini, kwenye ukingo wa mwisho. Alipokuwa akigonga cha mwisho kwa jiwe, Najwa alitokea na jagi la maziwa mkononi.

"Wee Chero! Unahamisha nchi?"

"Shhh! Nasogeza kidogo tu."

"Kidogo? Hapo si umefika kaunti nyingine!"

"Ukisema, mimi na wewe basi."

Najwa aliguna. "Sitasema. Lakini sijakusaidia, na sijakuona vizuri."

Ijumaa, walipokuwa wakirudi kutoka shule, walisikia sauti za majembe na sururu. Cheruto alianza kukimbia. Vijana walikuwa wakichimba mtaro. Ulitoka upande wa pili wa kijiji ukiwa umenyooka vizuri kando ya njia, lakini ulipofika kwao ulipinda kama mlevi, ukateremka hadi ndani ya shamba, ukielekea vigingi vya chini. Ulikuwa umefika kwenye nguzo yenye kofia. Mama alikuwa amesimama mbele ya mzabibu wa kwanza, mikono ameinyoosha.

"Hamuugusi huu!" alisema.

"Mathe, mimi nafuata vigingi," alijibu Adongo, msimamizi wa wachimbaji. "Bomba la maji linapita vigingi vilipo."

Bomba la maji? Cheruto aligeuka kuvitazama vigingi alivyovipiga.

Mzee Ephantus alikuja mbio, akifuatwa na mwanamke aliyevaa gambuti, Bi. Chelimo, afisa wa kilimo. "Adongo!" mzee alifoka. "Vigingi tuliviweka juu, kando ya njia. Ulipima ukiwa usingizini?"

"Nilipima vizuri, mzee. Hata mimi sielewi."

"Mtaro urudi juu. Na wewe ukimaliza leo, usirudi kesho. Tutatafuta anayejua kupima."

Adongo alipangusa mikono yake. Aliinama kuchukua koti lake. Mizabibu ilikuwa imepona, na hakuna aliyejua lolote. Ilitosha Cheruto anyamaze tu. Najwa alimtazama, akatazama chini. Cheruto aliinua macho, akaiona ile kofia ya baba ikitikiswa na upepo wa ziwa.

"Si yeye," alisema. "Vigingi nilivihamisha mimi."

Watu wote waligeuka.

"Wewe? Kwa nini?" mama aliuliza.

"Mzee alisema vigingi ni mpaka. Nikaona baba ameachwa nje."

"Mpaka Ijumaa!" Mzee Ephantus alipiga kelele. "Nilisema vigingi vya bomba ni vya kukaa hapo mpaka Ijumaa!"

Watu walimtazama Cheruto, wakamtazama mzee. Kisha Adongo aliangua kicheko, vijana wake wakafuata, hata Bi. Chelimo akaziba mdomo kwa kofia yake. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama Cheruto, halafu akamwonyesha Adongo kwa kidevu.

"Anko Adongo, nisamehe," Cheruto alisema, machozi yakimlenga. "Ungefukuzwa kwa sababu yangu."

"Nimekusamehe. Ila kazi yangu usiitake, hujui kupima."

"Na mimi unisamehe," Mzee Ephantus alisema akijikuna kichwa. "Nimekuhukumu kabla ya kuuliza. Kesho uje kazini."

Bi. Chelimo aliruka ndani ya mtaro. "Binti, eneo la zabibu halipimwi kwa vigingi," alisema. "Linafuata udongo, mteremko na upepo. Ningechimba shimo hapa hata kama usingegusa kitu. Sogea uone."

Alikwangua ukuta wa mtaro. Chini ya udongo mweusi palikuwa na tabaka jeupe la jivu la zamani la volkano, lile lile lililoipa Jivuni jina lake. Alitoka mtaroni, akachimba vishimo kati ya safu akilifuata hadi likawa jembamba, likaisha katikati ya shamba.

"Safu za juu zimo ndani," alisema. "Za chini ziko nje."

"Si uziingize zote tu, afisa?" Mzee Ephantus alinong'ona. "Shamba ni moja."

"Hapana, mzee," mama alisema. "Mtu akinunua katoni kule Nakuru mjini, hana habari na sisi wala shamba letu. Anachojua ni jina tu. Hilo ni neno letu tulilompa. Tukilisogeza kidogo leo, kesho halitakuwa na maana, hata kwa zile za Kipkemei." Akamgeukia binti yake. "Nawe uliona haya kuuliza swali moja, tukachimbiwa mtaro. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni huu ulio mbele yetu." Akampa koleo. "Haya, fukia."

Cheruto alifukia hadi viganja vikawaka moto. Najwa alikaa pembeni akila zabibu na kumsimamia. "Ongeza hapo, boss. Bado kuna bonde." Kisha akaona haya, akainuka kutafuta koleo la pili.

Jina lilipitishwa kabla ya mavuno. Siku ya kufungasha, Cheruto na mama yake walipanga vichala katika katoni zenye lebo mpya. Cheruto aliona kichala kimoja cha safu za chini kimechanganyika na vingine. Kilikuwa kizuri, na hakuna ambaye angekitambua. Alikitoa, akakiweka kando.

"Hicho kitaenda wapi?" mama aliuliza.

"Kwa wasikilizaji wa redio yangu."

Mama alicheka, akaigusa kofia kwenye nguzo.

Kutoka barabarani, ambako wakulima walikuwa wakikusanya katoni zao, Mzee Ephantus aliita kwa kipaza sauti chenye betri mpya. "Katoni zitapokelewa mpaka saa kumi!"

Cheruto alinyoosha mkono juu kabisa, mbele ya wakulima wote.

"Mzee! Samahani, mpaka upi?"